Ati nesi alikuwa wapi?

Si kawaida yangu kumwaga hasira hadharani, lakini hili limenikaa kooni tangu masika.

Jarida hili la uuguzi wa watoto nimelisoma miaka mingi, tena bure, kupitia Hinari, ule mpango wa WHO ulioanza mwaka 2002 ili sisi wa nchi zisizo na fedha nasi tusome. Limenifunza mengi. Basi nikajitutumua, nikaandika makala yangu ya kwanza: jinsi kina mama wa wodi yetu wanavyosaidia kuwapa watoto wenye utapiamlo mkali maziwa ya F-75, yale maalumu ya kuanzia matibabu, kwa mrija wa puani.

Nikawatumia. Kimya. Miezi ikapita mpaka nenosiri la tovuti yao nikalisahau. Jibu lilipokuja, mpitiaji wa kwanza, yaani mtaalamu anayepewa na jarida makala aipime kabla haijachapishwa, alikuwa na swali: kwa nini mama ndiye anayelisha, nesi alikuwa wapi?

Nesi alikuwa wapi! Maziwa yale hutolewa kila masaa matatu. Saa tatu usiku, saa sita, saa tisa, kumi na mbili alfajiri. Sista anahakikisha mrija uko tumboni, anapima maziwa, kisha mama anashika bomba la sindano lililotolewa kisukumio, analiinua juu kidogo ya kichwa cha mwanawe, maziwa yateremke yenyewe polepole. Sista keshafika kitanda cha nne, kuna mwenye degedege. Ndiyo makala yenyewe hiyo! Naapa hakuisoma.

Halafu eti nitafute mwenye Kiingereza chake anisahihishie. Haya.

Msipeleke kazi zenu huko. Wana dharau, wanachelewa, na hata samahani hawajui.

Ingawa, tusemezane ukweli, mpitiaji wa pili alikuwa mtu. Aligundua nimechanganya uzito wa kulazwa na wa kuruhusiwa kwenye jedwali, kosa lililompita hata msimamizi wangu. Kurasa mbili kaniandikia, kwa upole, kama sista mkuu anayekuvuta pembeni ili mgonjwa asisikie. Huyo nyota tano. Jarida lenyewe nyota mbili. Haya, tatu, maana huyo naye ni wao waliomtafuta.

Jana zamu ya usiku, baada ya maziwa ya saa tisa, nimelifungua tena lile andiko. Sijaamua nalituma wapi. Nimeongeza sentensi moja tu kwenye utangulizi: nesi alikuwa kitanda cha nne.