Fort Portal hadi Bigodi kwa baiskeli: chai, msitu na mafunjo

Watu wakiniuliza waanzie wapi kuendesha baiskeli Uganda ya magharibi, huwa nawatajia barabara ya Fort Portal kwenda Kamwenge, kipande cha kufika Bigodi. Ni kilomita kama 40, lami tupu, na ndani yake kuna mashamba ya chai, ziwa la kasoko (shimo la volkano), msitu wa Kibale, kisha kinamasi cha Magombe ambacho wanakijiji wenyewe ndio wanaokitunza. Safari yangu ya karibuni nilikwenda na binamu yangu aliyenitembelea kutoka Bukoba. Baiskeli tulikodi mjini, na tukampata kijana wa kutuongoza ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Amekulia Mpondwe, mpakani na Kongo, na sokoni kule bila Kiswahili huuzi wala hununui.

Nianze na njia yenyewe, kwa sababu ndiyo inayonirudisha kila mara.

Fort Portal iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari na Bigodi iko chini yake, kwa hiyo kwenda mteremko ni mwingi kuliko mpando. Lakini asikudanganye mtu kwamba unashuka tu. Nchi hii imekaa kilima, bonde, kilima, bonde, na chini ya karibu kila bonde kuna maji yaliyotulia na mafunjo yaliyosimama. Ukiwa ndani ya teksi huoni kitu: dereva anashuka, anapanda, wewe unaangalia simu. Kwenye baiskeli mwili wote unajua. Unapoteremka hewa inabadilika, ubaridi unakupanda magotini kabla hata hujaona maji. Unavuka karavati, mafunjo yako kulia na kushoto, vichwa vyake vyenye manyoya vinayumba, kuna harufu ya tope na majani mabichi. Halafu miguu inaanza kulipa. Kila kinamasi kina kilima cha kukiingilia na kilima cha kukitokea, na mpaka unafika Bigodi umeshaelewa kwa mapaja yako maji ya Tooro, eneo hili la Fort Portal, yanakaa wapi.

Mashamba ya chai yako upande wa Kiko. Asubuhi na mapema, mbingu zikiwa safi, ukigeuka nyuma unaiona milima ya Rwenzori imejitandaza upande wa magharibi. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, na theluji ipo japo inapungua mwaka hadi mwaka. Mawingu huifunika mapema, kwa hiyo anayetaka kuiona aondoke kunapopambazuka. Sisi tuliipata. Binamu yangu alisimama katikati ya chai akaitazama mpaka nikamwambia, kaka, twende, jua halitusubiri.

Kwenye barabara hii baiskeli ni chombo cha kazi, na hilo linaifanya iwe njia nzuri kwa mgeni mwenye baiskeli. Utawakuta wanaume wamepakia mikungu ya matoke, miwili huku, miwili huku, mwingine juu ya keria, na baiskeli haipandwi tena bali inasukumwa. Mmoja tulipanda naye kilima kimoja. Alikuwa amefunga fimbo ndefu kwenye usukani ili aweze kuuongoza akiwa pembeni ya mzigo, mkono wa kushoto kwenye fimbo, wa kulia umeshika nyuma ya keria, na mgongo umeinama karibu sambamba na lami. Breki ya nyuma ilikuwa imeondolewa kabisa, na mbele palikuwa na kipande cha tairi la gari kilichokatwa kikafungwa kwa waya ili kibane gurudumu. Binamu yangu alimwuliza kama tumsaidie kusukuma. Akakubali bila aibu, tukasukuma watatu hadi juu, akatushukuru akaendelea kama aliyezoea. Watu hawa wanapewa nafasi barabarani na wenye bodaboda, na wewe ukiwa karibu nao unapewa pia.

Malori ndiyo yanayohitaji tahadhari, na magari madogo yanayokimbilia Kamwenge. Lami ni nzuri, na lami nzuri huwapa madereva kiburi. Vaeni rangi zinazoonekana, mkae mmoja nyuma ya mwenzake, na mkisikia lori nyuma msogee kabisa pembeni.

Barabara hii pia ina historia ambayo naona si haki kuipita kimya. Wakati inajengwa, wasichana wa vijiji vya njiani walidhulumiwa kingono na baadhi ya wafanyakazi wa ujenzi, na Desemba 2015 Benki ya Dunia ikatangaza kufuta fedha zake za mradi huo. Ujenzi ulikamilishwa baadaye kwa njia nyingine. Sisi tunaofurahia lami leo tujue kuna familia zilizolipa gharama ambayo haikuandikwa kwenye kibao chochote. Nasema hivi kwa sababu ukifika vijiji hivi kama mgeni mwenye pesa kidogo na muda mwingi, heshima yako kwa mabinti na watoto wa pale ni jambo linalotazamwa.

Kabla ya msitu utaliona Ziwa Nyabikere, ziwa la kasoko lililo karibu kabisa na barabara. Pumzika hapo, unywe maji. Kasoko za eneo hili ni nyingi, zilizochimbwa na milipuko ya volkano zamani, na ukiwa na siku ya pili unaweza kuchukua barabara ya vumbi ya upande wa Rwaihamba kwenda kuona nyingine kama Nkuruba. Hiyo ni safari nyingine na inataka tairi pana.

Kisha Kibale. Hifadhi hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993 na ina aina 13 za jamii ya nyani, sokwe wakiwemo. Kutazama sokwe kunafanyika kwa kibali, kuanzia Kanyanchu, kituo cha wageni cha hifadhi, na si kwa baiskeli, lakini barabara inapita katikati ya msitu na kwa mwendesha baiskeli hiki ndicho kipande cha kupunguza mwendo. Miti inafunga juu, joto linashuka, na unasikia ndege wengi kuliko unaowaona. Nyani wanakaa pembeni ya lami wakingoja watu wanaotupa maganda ya ndizi madirishani. Usiwape chochote, na chakula chako kiwe ndani ya begi lililofungwa, kwa sababu nyani aliyezoea kulishwa hana simile na baiskeli haina mlango wa kufunga. Tembo nao huvuka. Mwongozaji wetu alisimama mara moja alipoona kinyesi kibichi barabarani, akasikiliza kwanza, akaangalia vichaka, ndipo akatupungia mkono tupite. Kwa kipande hiki peke yake malipo yake yalikuwa halali.

Sasa Bigodi, ambako ningetaka utumie muda mrefu kuliko watu wengi wanavyotumia. Kinamasi cha Magombe kinasimamiwa na chama cha wanakijiji kiitwacho KAFRED, kilichoanzishwa mwaka 1992, na fedha za wageni zimesaidia mambo ya kijiji, ikiwemo shule ya sekondari. Unaacha baiskeli ofisini, unapewa gambuti, unaingia kwa miguu na mwongozaji wa pale. Njia inazunguka kinamasi, mahali pengine udongo, mahali pengine mbao zilizotandikwa juu ya tope. Baada ya saa kadhaa kwenye siti ya baiskeli, kutembea huku ni dawa ya mgongo.

Aliyetuongoza kinamasini alikuwa dada mmoja wa makamo, mwenye darubini shingoni na macho yasiyoihitaji. Kwanza alituuliza majina yetu ya empaako, yale ya heshima ambayo Watooro huitana. Hatukuwa nayo, akatupa palepale: binamu yangu akawa Araali, mimi Abwooli, na tangu hapo hakutuita vingine. Mila hii iliingizwa mwaka 2013 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kuisikia ikitumika hivyo, kwa wageni waliolowa jasho, kulinifurahisha sana.

Tuliwaona mbega wekundu wakiruka kutoka mti hadi mti juu ya vichwa vyetu, na shorobo mkubwa wa buluu, ndege wa ukubwa wa kuku mwenye kishungi cheusi na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu. Anaruka vibaya lakini anakimbia kwenye matawi utadhani ana ngazi. Ndege zaidi ya 200 wamehesabiwa eneo hili. Mimi si mtu wa kuhesabu ndege. Kilichonishika ni pale dada alipotusimamisha ukingoni akatuonyesha mstari: huku mafunjo, huku shamba la mtu. Akachomeka fimbo upande wa mafunjo ikazama hadi mkononi. Akaichomeka upande ulioinuliwa matuta ya kupanda magimbi, ikagota karibu. Mbele kidogo palikuwa na mikaratusi michanga. Mikaratusi hunywa maji mengi, na ukiipanda ukingoni kinamasi kinarudi nyuma kidogo kidogo. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhioevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, lakini pale ukingoni ni jirani anayeamua apande nini. Kwa maelezo yake, anayepata chochote kutokana na wageni, awe mwongozaji, mama anayesuka vikapu au mzazi mwenye mtoto shuleni, ana sababu ya kuacha mafunjo yasimame. Hiyo ndiyo sababu nawasihi mlipe ada yenu, mle kijijini, mnunue kikapu.

Na hapo ndipo baiskeli na kinamasi vinapokutana kwangu. Nilivyokuwa nimevuka yale mabonde yote asubuhi, maneno ya dada hayakuwa mageni. Nilikuwa nimeshapita mabonde yenye mafunjo mazito na mengine yaliyokauka yakawa viwanja vya matofali. Maji ya nchi hii hushuka taratibu kuelekea Ziwa George, ambako Mto Mpanga unaopita mjini Fort Portal huishia, na ardhioevu ya ziwa hilo ndiyo ya kwanza ya Uganda kuingia kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 1988. Kinamasi kidogo cha kijijini kinalilinda ziwa kubwa kwa kuchuja tope na kuyapunguza maji kasi.

Kuhusu baiskeli za kukodi sitampamba mtu. Tuliyekodi kwake, na jina silitaji, alitupa baiskeli mbili za mlimani zenye gia nzuri, ila moja raba za breki zilikuwa zimeisha hadi chuma. Kwenye njia yenye miteremko kama hii hilo si dogo hata kidogo. Nililigundua uani kabla hatujaondoka, akabadilisha papo hapo bila maneno, lakini nilisikitika kwamba baiskeli ile ilikuwa imepangwa tayari kwa mteja. Basi kabla hujalipa, bana breki zote mbili huku ukiisukuma baiskeli mbele, zungusha magurudumu uone kama yanacheza, pitisha gia zote, na upandishe siti mpaka mguu unakaribia kunyooka. Dai pampu, tyubu ya akiba na vifaa vya kuziba pancha. Kati ya kituo na kituo kuna fundi wa baiskeli chini ya mti, na kazi anaijua, lakini saizi ya tyubu yako huenda hana. Tairi nene zenye meno zinakuchosha kwenye lami, kwa hiyo kama wana zenye uso laini, chukua hizo. Helmeti walikuwa nazo, safi.

Chakula si tatizo. Vituo vya njiani vina rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na kikomando cha chapati na maharagwe ambacho kinakushikilia hadi jioni. Maji beba ya kutosha kwa sababu ndani ya msitu hakuna duka. Misimu ya mvua ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mvua ya huku hupenda kushuka mchana, na lami yenye maji pamoja na mteremko na lori ni mchanganyiko nisiomtakia mtu. Ningechagua Januari, Februari, Juni au Julai.

Kurudi ndiko kunakowashinda wengi, maana mpando sasa ndio mwingi na jua limekuelemea. Mwenye mazoezi arudi kwa baiskeli, lakini awe ametoka Bigodi mapema, giza lisimkute msituni. Wengine mpande teksi za kwenda Fort Portal: baiskeli inafungwa juu, nauli ya mzigo mnapatana kabla haijapandishwa, na hakikisheni kamba haipiti kwenye spoku wala haikandamizi waya wa gia.