Kibao namba 143: usiku tatu kwenye yadi ya malori, barabara ya Tororo–Malaba

Jina la yadi sitaliandika, kwa sababu kuna mtu mmoja pale nitamsema huko chini, na mwenye yadi hakuwapo siku hizo kujitetea. Wanaopita njia hii wataijua tu: ukitoka Tororo kuelekea Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, geti la bati, mwembe mkubwa katikati ya kiwanja, na chini ya mwembe mama anayekaanga chapati.

Niliingia Jumatatu saa kumi na moja jioni na kontena tupu la futi arobaini, la kurudisha Mombasa. Mtandao wa forodha ulikuwa umelala tangu Jumapili. Mtu asiyeijua Malaba ataniuliza, wewe unatoka Uganda, foleni ya nini? Ndivyo kituo cha pamoja kinavyokwenda. Gari linalotoka Uganda halikaguliwi Uganda. Linavuka daraja la mto Malaba, na maofisa wa nchi zote mbili wanalimaliza upande wa Kenya. Linaloingia nalo linamalizwa huku kwetu. Siku njema ni raha, unasimama mara moja badala ya mbili. Siku mbaya, uwanja wa ng'ambo ukishajaa hakuna pa kusimama ila barabarani, na malori yanarudi nyuma kama maji ya mfereji ulioziba, mpaka wenye maduka Malaba hawaoni upande wa pili wa barabara.

Barabarani nimelala sana. Januari 2022 nilikuwa upande wa Kenya, nakuja huku, wakati madereva walipogoma kwa sababu ya kipimo cha korona cha dola 30. Foleni ile haikuwa na kichwa wala mkia. Mafuta yakapanda bei Kampala, na nadhani ndipo watu wengi walipokumbuka kwamba petroli haioti Nakawa. Mimi ninachokumbuka ni asubuhi moja nilipoamka nikakuta kifuniko cha tangi kiko chini kwenye majani. Walininyonya dizeli nikiwa nimelala futi sita juu yao. Tajiri alikata kwenye mshahara, miezi miwili.

Kwa hiyo yadi inayotaka shilingi elfu kumi za Uganda kwa usiku, yenye ukuta, taa na mlinzi, mimi siiti ghali.

Getini unatoa amana ya elfu tano na unapewa kibao cha mbao, rangi nyeupe, namba nyeusi. Changu kilikuwa 143. Namba inaandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya gari, kisha unaonyeshwa mstari wa kupaki. Hapa nawasifu kwa moyo wote: mistari imechorwa kwa chokaa, na kati ya mstari na mstari kuna nafasi ya kichwa na trela kutoka bila mtu kumwamsha jirani. Nimewahi kukaa kwenye yadi nyingine ambako wa kwanza kuingia ndiye wa mwisho kutoka, kama sufuria zilizopangwa kabatini.

Halafu kuna kijana wa pikipiki. Huyu ndiye yadi yenyewe, mengine ni ukuta. Kila baada ya saa mbili hivi anakwenda mpaka darajani, anahesabu malori yaliyovuka na nafasi iliyobaki kabla ya geti, anarudi, anasimama chini ya mwembe na kutangaza: "Yanatoka kumi! Kuanzia 51 mpaka 60!" Kumi yanatoka, barabara inabaki wazi, matatu na ambulensi zinapita. Kila lori lingejitokea lenyewe, mia moja yangekuwa yamesimama barabarani yakikanyaga kokoto moja moja. Ukijua wewe ni 143 na leo wamefika 60, unajua la kufanya: unafua nguo, unapiga simu nyumbani, unalala. Foleni inayomchosha dereva ni ile ambayo kila ukisikia injini inawaka unaruka kitandani ukidhani ni zamu yako.

Nilimweleza hayo shemeji yangu kwenye simu akacheka. Yeye anaendesha trela Uingereza. Krismasi ya 2020, Ufaransa ilipofunga mpaka ghafla kwa hofu ya aina mpya ya korona, aliila kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Manston, kule Kent, yeye na malori maelfu yaliyokuwa yakienda kupanda feri Dover. Hakuna kuvuka bila kupimwa. Makalasinga wa kujitolea wakawaletea chakula cha moto. Anasema wenzetu wana mpango kabisa, unaitwa Operesheni Brock: bandari ikikwama, barabara kuu ya M20 inagawanywa kwa ukuta wa zege unaosogezwa na mashine, malori ya Dover yanapangwa upande mmoja, magari mengine ya kwenda na kurudi yanabanwa upande wa pili. Karibu na Dover kwenyewe kuna taa zinazoyazuia malori nje ya mji na kuyaachia kidogo kidogo. Nikamwambia, basi hizo taa sisi tunazo, zinaendesha pikipiki.

Kuna jambo moja alilonieleza ambalo yadi yetu haina, na ndilo lililonigharimu siku nzima. Mwanzoni mwa 2021 huko kwao, lori la kwenda Dover lilitakiwa kuwa na kibali kwanza kwamba karatasi zake zimekamilika, hata kabla halijakanyaga Kent. Ukikutwa bila kibali, faini pauni 300. Pale yadini hakuna anayekuuliza. Namba inafuata saa ya kuingia, basi. Jumanne mtandao ulirudi ukichechemea, wakaita kumi, na mawili kati ya hayo kumi yalikuwa na mzigo ambao wakala wake hajakamilisha hata tamko la forodha. Yalikwenda yakaziba njia ya kuingilia daraja kuanzia saa tano mpaka jioni, madereva wakipiga simu Kampala na wakala hapokei. Nyuma yao, sisi wenye makontena matupu, ambao kazi yetu pale haifiki nusu saa, tunatazama. Kontena tupu lina siku zake za bure. Zikiisha, mwenye meli anahesabu dola kila siku, na tajiri ananihesabia mimi. Mwenye yadi, kama unasoma: weka mtu getini aulize karatasi ziko wapi. Zilizo tayari mstari huu, zisizo tayari mstari ule.

Chakula. Kikomando cha mama wa mwembeni ni elfu mbili, maharage mazito, chapati haijakauka. Usiku kuna posho na samaki wa kukaanga, ila ukichelewa saa tatu umekuta miiba. Bafu ni elfu moja, maji ya pipa, safi. Choo Jumatatu kilikuwa kizuri. Kufikia Jumatano, madereva zaidi ya mia kwa vyoo viwili, sisemi zaidi.

Mlinzi wa mchana ni mzee mmoja mpole. Aliposikia Kiswahili changu, lugha ambayo Uganda wengi huihusisha na jeshi, alinipigia saluti, "Jambo afande." Nikamwambia mimi si afande, mimi ni mtoto wa fundi wa reli wa Tororo, Kiswahili nimekikuta nyumbani. Hakuniamini. Siku zote tatu nilikuwa afande, na naungama kwamba maji ya kuoga nilipewa ya kwanza.

Sasa mlinzi wa usiku.

Jumatano saa mbili usiku walikuwa wamefika 120. Nikamwambia tanboi wangu, ambaye ni mtoto wa dada yangu na hana usingizi kama mjomba wake, aangalie mstari. Alfajiri akagonga kioo.

"Mjomba, 168 hayupo."

"Ameenda chooni."

"Mjomba, gari ndilo halipo. Na 171 pia."

Nikashuka na kandambili. Kweli, mahali pa malori mawili kulikuwa na alama za matairi na madoa ya oili. Nilimkuta mlinzi getini amejifunika blanketi. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza 168 ametokaje kabla ya 143. Akasema alikuwa na mgonjwa. Na 171? Akafikiri kidogo. "Naye pia."

Sina ushahidi wa pesa kubadilishana mikono, na siandiki kwamba nilimwona akipokea. Ninachojua ni kwamba daftari lilikuwa na mistari miwili iliyofutwa kwa wino wa rangi nyingine. Na asubuhi ile mwembeni kila dereva alikuwa ana macho mekundu, kwa sababu habari ilishazunguka, na yule aliyekuwa akilala kwa kuamini kibao chake sasa anakaa kwenye usukani funguo mkononi. Kijana wa pikipiki aliporudi saa moja akaita kumi, ziliwaka injini arobaini. Dakika ishirini za honi na matusi ya lugha tano, trela moja likakwaruza jingine taa. Kazi yote nzuri ya siku mbili, ya chokaa na ya vibao, iliharibika kwa watu wawili kupitishwa gizani. Mzee wa mchana ndiye aliyeituliza, alisimama mbele ya geti na daftari akawa anasoma namba moja moja kwa sauti, na kila mtu akaangalia kibao chake.

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne na nusu kama ningeondoka Jumatano usiku. Nikilinganisha na pengine: Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, kule Luzira, nimewahi kungojea mzigo wa meli, na pale hata uwe na pesa huna yadi ya kulipia, barabara ni hiyo hiyo moja ya kupitia Kitintale, ya magari ya mizigo, ya kiwanda cha bia na ya watoto wa shule. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nitarudi kwenye yadi hii, nitarudi, lakini nitaomba mstari ulio karibu na geti na nitamwacha mpwa wangu alale mchana.

Nilitoka Alhamisi saa tatu asubuhi. Daraja nililivuka saa nne kasorobo, na upande wa pili walinimaliza kwa dakika ishirini na tano. Katika ile vurugu ya getini hakuna aliyenidai kibao, na mimi sikukumbuka mpaka nilipokuwa nimeshapita Bungoma. Kiko hapa kwenye dashibodi, 143. Elfu tano yangu naidai nikirudi wiki ijayo, kwa mzee wa mchana.