Biskuti za oti za dada wa Forest, mzigo wa kwanza na mzigo wa pili

Biskuti za oti nimeshakula nyingi na karibu zote ni laini kama mkate wa jana, mtu anakwambia biskuti kumbe unatafuna sponji. Sasa kuna dada hapa Forest, Mbeya, anaoka kwake nyumbani, hana duka wala bango, unamwandikia WhatsApp anakutumia kwa boda. Nimeagiza mara mbili na mara hizo mbili ungedhani ni waokaji wawili tofauti.

Mzigo wa kwanza aisee! Biskuti 12 kwa 6,000, nyembamba, pembeni zimeiva rangi ya kahawia, ukiuma inalia kaa! mpaka mwanangu kutoka chumbani anauliza mama unakula nini. Oti zenyewe ni zile pana, sio zile zilizosagika za uji wa chapchap, ndo maana unazisikia kwenye meno. Mdalasini upo kwa mbali na chumvi kidogo. Halafu juu kuna lile ganda la sukari, jeupe, kavu, yaani anachovya uso tu wa biskuti kwenye aisingi nzito, sukari inashika pale palipoinuka na kwenye vishimo haifiki, kwahiyo unaona oti zinachungulia. Nilishushia chai ya Rungwe ya rangi, bila sukari, maana ingekuwa fujo. Saba zikaisha siku hiyo hiyo, sioni aibu.

Nikamuuliza unafanyaje, wala hakuninyima. Siagi anaiyeyusha kwanza, sukari nyeupe anaweka nyingi kuliko ya kahawia kwasababu ya kahawia inashika unyevu na biskuti inalegea, na anaziacha kwenye oveni mpaka pembeni ziive haswa. Zikitoka bado laini, zinakaukia nje kwenye trei, ukizibonyeza za moto utadhani mbichi ukarudisha ukaunguza. Pia kasema resipi nyingi za mtandaoni ni za watu wa huko chini karibu na bahari, sisi huku tuko kama mita 1,700, ukiweka beking soda yote waliyoandika inaumuka kwa fujo halafu inabonyea, so yeye anapunguza. Mi nilijaribu kwa mkaa, sufuria yenye mchanga na moto juu ya mfuniko, chini makaa juu uji, tuyaache hayo.

Mzigo wa pili sasa. Niliagiza 24 za wageni wa Jumapili, mvua inanyesha tangu asubuhi, boda kaja kachelewa, nafungua mfuko wa plastiki ndani kuna jasho! Aisingi imeyeyuka imekuwa kama gundi, biskuti zimegandana mbili mbili, na ule mlio hakuna kabisa. Nikampigia, akakiri mwenyewe, "da'angu nisamehe, nilizipaka zikiwa bado za moto nikafunga fasta." Basi mvuke wote umebaki humo humo, zitaachaje kulainika. Nikazirudisha kwenye oveni ya jirani moto mdogo dakika kama 10, ukavu ukarudi kiasi lakini sukari ikawa kama kioo, inanata kwenye meno, mama mkwe akaweka ya kwake kwenye sosa kimya kimya akachukua ndizi.

Kwa haki, aliniletea sita za bure kesho yake, na hizo zilikuwa kama za mwanzo kabisa. Kwahiyo mkono anao, tatizo lake ni haraka na ile mifuko. Mkiagiza mpeni siku nzima, na pelekeni kopo lenu lenye mfuniko unaobana, mi nampelekea bati la zamani la biskuti.

Jumamosi naagiza tena, na nimemwambia aisingi isipokauka asifunge, hata boda apige honi mpaka betri iishe.