Waksi ya kung'oa vinyweleo: ya sukari au ya kopo la dukani?

Hapa Tanga kungwi atakutajia sukari, saluni za Ngamiani ya kopo. Kwa gharama, sukari haina mpinzani: sukari, ndimu na maji kidogo, vichemke hadi rangi ya asali. Ikidondoka, maji ya uvuguvugu yanaiondoa. Ya kopo hung'ang'ania mpaka uifute kwa mafuta.

Lakini sukari inataka mkono uliozoea. Joto la kaskazi huilegeza vidoleni, na ikizidi moto kidogo tu inakuwa peremende. Ya kopo unaipasha tu, na miguu yote miwili huisha upesi. Mwenye haraka aichukue.

Kwapani mimi naipendelea sukari, maana huvutwa vinyweleo vinakoelekea. Anayepaka krimu ya retinoli (aina ya vitamini A) asiguse yoyote, ngozi inaweza kuchunika.