Rejeta mpya ya gari la otomatiki: angalia tenki la chini kabla hujatoa hela

Malalamiko ya rejeta yanayonifikia yanafanana, na yananiumiza. Mtu ana Toyota IST au Noah, anaona maji yanadondoka nyuma ya bampa la mbele. Ananunua rejeta mpya, fundi anakuja kuifunga nyumbani, jioni gari linatembea na halichemshi tena. Miezi inapita. Gia zinaanza kuchelewa kuingia, gari linashtuka likitoka N kwenda D, na mwisho linagoma kupanda mlima wa Kitonga na familia nzima ndani. Gia boksi imekufa, na lawama zote zinaiendea gia boksi. Aliyeiua ni ile rejeta mpya.

Miongozo mingi inakwambia uangalie kama rejeta inaenea kwenye gari lako, kama mapezi yamenyooka, kama unene ni milimita 16 au 26. Hayo hata mwenye duka atakwambia. Mimi nataka uangalie kitu ambacho dukani hakitajwi: kipoza oili ya gia boksi kilichofichwa ndani ya tenki la chini.

Magari mengi ya otomatiki tunayoagiza Japani hupoza oili ya gia boksi kwa kuipitisha kwenye rejeta. Inua rejeta na utazame tenki la chini, lile la plastiki nyeusi. Utaona vijibomba viwili vya chuma vimetokeza, kila kimoja kimebanwa na nati pana. Ndani ya tenki, vijibomba hivyo vimeunganishwa na kipoza ambacho kimezama kwenye maji ya rejeta muda wote. Oili inaingia huku inatokea kule, maji yanapita nje yake, na kati ya viwili hivyo pana ukuta mwembamba wa chuma, maungio yaliyochomelewa, na mipira miwili ya duara chini ya zile nati. Basi.

Ukuta huo ukitoboka, nje hutaona tone hata moja. Injini ikiwa inaunguruma, oili ya gia kwa kawaida ndiyo yenye presha kubwa kuliko maji, kwa hiyo inavujia kwenye maji. Ukizima gari kibao kinageuka: pampu ya gia boksi imesimama, lakini maji ya moto bado yamebanwa na mfuniko wa rejeta, na sasa yanasukumwa kuingia kwenye oili. Kila unapopaki, gia boksi inakunywa maji kidogo. Maji na glaikoli ya kwenye kulanti hulainisha gundi inayoshika bitana (tabaka la msuguano) kwenye sahani za klachi za gia boksi, bitana zinabanduka, na takataka zake zinaziba njia za oili. Hapo hata ukimwaga oili na kuweka mpya, umeshachelewa.

Tatizo hili halikuanzia Kariakoo. Wamiliki wa Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za kuanzia 2005 huko Marekani walifikishana mahakamani na kampuni kwa sababu ya kipoza cha ndani ya rejeta kilichokuwa kikivujisha maji kwenye gia boksi. Hizo zilikuwa rejeta za kiwandani, za gari jipya. Sasa fikiria nakala isiyo na jina, iliyotengenezwa na mtu aliyeokoa senti kila mahali ambapo mnunuzi haoni.

Kabla ya kulipa, fanya hivi. Kwanza nenda na rejeta ya zamani, au uwe umepima kwa futi kamba umbali kati ya vijibomba vile viwili. Umbali huo ndio unaokupa urefu wa kipoza. Ukikuta mpya ina umbali mfupi, kipoza ni kifupi, na gari la otomatiki linalokaa foleni ya Mbagala na kiyoyozi kikiwa kimewashwa linahitaji kipoza chote. Pili, zishike zile nati kwa vidole. Isicheze hata moja. Tazama kama zimekaa sawasawa juu ya plastiki, na kama mpira umebanwa pande zote bila kutokeza upande mmoja.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ukishakubaliana na muuzaji kwamba ikivuja anaipokea, peleka rejeta kwa fundi pancha. Yeye tayari ana kompresa, ana geji, ana karai la maji. Mwambie azibe kijibomba kimoja kwa kipande cha mpira chenye bolti na bano, kingine akiunge kwenye upepo, aweke presha ya kama PSI 30 tu. Tenki la chini lizamishwe kwenye karai, na lenyewe lijazwe maji ili kipoza kilichomo ndani kifunikwe. Subiri. Acha mapovu ya mwanzo yanayotoka kwenye mapezi yaishe, kisha tazama mdomo wa mpira wa chini na kuzunguka zile nati mbili. Povu moja dogo linalorudi kila baada ya muda, mahali palepale, linatosha kuirudisha dukani. Kazi hii ni ya muda mfupi na malipo yake hayafiki hata robo ya bei ya oili ya gia.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Denso, na sina haja ya kuficha upendeleo wangu. Kampuni hii ilizaliwa mwaka 1949 kutoka ndani ya Toyota, wakati huo ikiitwa Nippondenso, na rejeta za Toyota nyingi zinazotembea barabarani kwetu zilitoka kiwandani zikiwa na jina lake. Ukinunua Denso unanunua kitu kinachoendana na kile gari lako lilichozaliwa nacho: mashimo ya bolti yanakutana, feni inakaa mahali pake, mabomba ya oili hayahitaji kupindwa. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwa anayefunga nyumbani, kwa sababu bomba la oili lililopindwa kwa nguvu linavuta kile kijibomba kila injini inapotikisika, na ule mpira wa duara unachoka mapema. Mimi gari langu halifungwi rejeta nyingine.

Lakini Denso ina feki zake, na boksi halithibitishi kitu, kwa sababu boksi ni karatasi. Tazama tenki lenyewe. Jina liwe limetoka pamoja na plastiki kwenye umbo lake, si stika peke yake. Tafuta pia alama ya aina ya plastiki. Mara nyingi utakuta PA66 na GF30, yaani nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo asilimia 30. Tenki ambalo halina alama yoyote, uso wake unang'aa sana, na kingo zake zina mabaki makali ya plastiki, liache hapohapo. Ukitaka kuagiza kwa namba, rejeta za Toyota zinaanza na 16400, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha injini na aina ya gia. Mpe muuzaji namba ya chesisi, usimwambie tu "ya IST". Kuna NCP60 yenye injini ya 1.3 na NCP61 yenye injini ya 1.5.

Ya pili ni Koyorad, nayo ya Kijapani. Kama Denso haipatikani, hii naifunga bila wasiwasi mwingi, baada ya karai la fundi pancha. Wenye magari ya Ulaya watafute Nissens, kampuni ya Denmark, au Valeo ya Ufaransa. Tofauti kati ya hizo mbili si ya kukukosesha usingizi.

Ya tatu itawashangaza wengine: mtumba wa Japani. Rejeta iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, ikiwa bado ina tenki lake la kiwandani, naiweka juu ya mpya isiyo na jina. Faida yake ni kwamba inakwambia historia yake. Chomeka kitambaa cheupe kwenye kijibomba cha oili ukizungushe. Kikitoka na oili nyekundu au ya kahawia iliyo safi, endelea na majaribio. Kikitoka na uji wa rangi ya chai ya maziwa, irudishe chini na uondoke, hata bei ikiwa ya kutupa. Tazama pia pale plastiki inapokutana na aluminiamu, kwenye yale meno ya bati yaliyokunjwa. Ukiona ukoko mweupe, wa pinki au wa kijani, hapo pameshawahi kuvuja. Na tenki la juu likiwa limepauka kutoka nyeusi na kuwa kahawia, plastiki imeiva kwa joto na haina maisha marefu.

Rejeta za aluminiamu tupu, zile zisizo na plastiki kabisa, zinavutia macho. Ila nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gari la manyuali na hazina kipoza chochote ndani, na muuzaji hakwambii mpaka fundi wako anapobaki na mabomba mawili ya oili mkononi yasiyo na pa kwenda. Ukiitaka hiyo, nunua na kipoza oili cha nje.

Kuhusu nakala za bei ya chini zisizo na jina sina mengi. Kama uwezo wako kwa sasa umeishia hapo, nunua, lakini usiunganishe mabomba ya gia boksi kwenye rejeta hiyo. Funga kipoza cha nje mbele ya kondensa ya kiyoyozi, kinachopozwa na upepo, oili ipite huko. Kwa joto la Dar hakuna hasara ya maana oili ikikosa kupashwa moto na maji ya rejeta. Rejeta ikifa itamwaga maji yake chini na wewe utaona.

Kumpa fundi abadilishe tenki la rejeta ya zamani, au kumwaga dawa ya kuziba? Hapana. Ile dawa haichagui tundu. Inaganda hata kwenye vijia vyembamba vinavyopitisha maji.

Sasa bei. Siziandiki hapa kwa sababu kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, bei haikai kwenye rejeta, inakaa kwenye uso wa mnunuzi. Nimesimama duka moja nikatajiwa bei, kaka yangu akaingia nyuma yangu akaulizia spea ileile akapewa bei pungufu ya kushtua. Nimeitwa "dada yangu" kwa upole wote huku winga, yaani dalali wa mtaani, akimkonyeza muuza duka aongeze cha kwake juu. Na winga hana duka: ikivuja kesho, yeye yuko kona nyingine anamvuta mteja mwingine. Wanaouza mtandaoni nao wanaandika "njoo inbox" kana kwamba bei ni siri ya ndoa. Kinachonikera zaidi ni yale maandishi ya chini ya risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Mtu anauza kitu ambacho ubovu wake hauonekani mpaka kifungwe, halafu anajilinda kwa mstari mmoja wa wino! Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na aandike juu yake jina la kampuni na namba ya spea, si "rejeta" tupu. Ukiuziwa feki kwa jina la kampuni halisi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Wao ndio wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na bila risiti iliyoandikwa hivyo huna pa kuanzia.

Kwenye kulanti pia tunaibiwa. Madumu ya maji ya kijani yenye stika nzuri yamejaa. Na usije ukajazia maji ya kisima: visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula aluminiamu ya rejeta na chuma cha kile kipoza. Nunua iliyokwishachanganywa yenye jina unaloliamini, au changanya mwenyewe na maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa, yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake. Mfuniko ubadilishe siku hiyohiyo, na uwe na namba ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani, mara nyingi 0.9 au 1.1. Ukizidisha namba unaongeza presha kwenye kila ungio nililolitaja hapo juu.

Siku ya kufunga, subiri injini ipoe kabisa, fungua koki ya chini, kinga maji kwenye beseni ili paka na kuku wasiyanywe. Glaikoli ni sumu. Ukichomoa mabomba ya oili yazibe mara moja, vumbi lisiingie. Wakati wa kubana upya, shika kijibomba cha rejeta kisizunguke, maana kikizunguka kinakata mpira wake wa ndani, na rejeta nzima niliyokuwa nikikuchagulia inakuwa kazi bure. Jaza kulanti taratibu hita ikiwa imefunguliwa upande wa joto, washa gari, acha mapovu yatoke hadi feni ipige.

Kisha rudi kwenye gia boksi, kwa sababu oili iliyokuwa ndani ya rejeta ya zamani imeondoka nayo. Gari likishapata moto, pitisha gia zote na kurudi P, injini ikiwa inaunguruma, halafu chomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi. Kwenye Toyota nyingi za umri wa IST aina ya oili imeandikwa palepale juu yake, T-IV au WS, na hazichanganywi. Ongeza mpaka alama ya HOT. Baada ya wiki moja, asubuhi gari likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta utazame uso wa maji kwa tochi. Ukiona duara za mafuta zinaelea, usiwashe gari. Ita fundi alivute, na uchukue risiti yako.