Kamusi ya simu iliyonipeleka hifadhini

Mimi ni mfasiri, na kamusi yoyote mpya naipima kwa neno moja kabla sijaiamini kwa mengine. Safari hii nilikuwa na makala kuhusu Central Park ya New York. Nikaandika "park" kwenye programu hii, ikanijibu kwa neno moja tu: hifadhi.

Hifadhi? Msomaji wa Kiswahili akisikia hifadhi anaona tembo, askari wa wanyamapori na nyika ambayo binadamu aliikuta hivyo hivyo. Central Park haikukutwa, ilitengenezwa. Wabunifu wake, Olmsted na Vaux, walishinda shindano la ramani yake mwaka 1858, kisha vibarua wakalipua miamba kwa baruti, wakachimba maziwa, wakaleta udongo kutoka mbali na kupanda miti kwa maelfu. Mahali palipopandwa kwa mkono wa mtu ni bustani, hata pakifika hekta 341. Anayeliona neno dogo mno aongeze kidogo: bustani ya umma, bustani ya mapumziko.

Nilipoanza na upande wa Kiswahili, nikaandika "bustani", roho ikatulia. Wameeleza asili: Kiajemi kupitia Kiarabu, "bu" ikiwa harufu na "stan" mahali. Kumbe hata bustani ya mboga, pamoja na samadi yake, ni mahali pa manukato! Ngeli ni sahihi: bustani hii, bustani hizi. Bustani ya wanyama imo pia, ingawa wangeongeza kwamba wanyama hao wamefungiwa; hapo mtu angeielewa tofauti na hifadhi bila kufundishwa.

Kwenye "kiunga" wakaniangusha tena. Wameandika "kitongoji", basi. Kiunga cha asili ni shamba la miti ya matunda kando ya mji, na siku hizi watu husema viunga vya chuo au viunga vya Bunge wakimaanisha nyasi, njia na miti iliyozunguka majengo. Nusu ya makala yangu ilihitaji maana hiyo.

Mengine ni mazuri tu: inafanya kazi bila intaneti, maandishi yanasomeka, matangazo si mengi. Nyota tatu kati ya tano. Kitufe cha kupendekeza masahihisho kipo, na niliwaandikia wiki mbili zilizopita. Leo asubuhi nimefungua tena. Hifadhi.