Uzoefu wangu: kusomewa PDF kwa Kiswahili

Nina presha ya macho, huu mwaka wa sita. Jicho la kushoto linajua mchana na usiku tu. La kulia linasoma, ila kwa kulibembeleza. Na ndiye mimi katibu wa kikundi chetu cha kukopeshana hapa Pasua, Moshi, kwa hiyo makaratasi hayaniishi: katiba, fomu za mikopo, barua za mwaliko. Siku hizi yote yanakuja WhatsApp, kila moja PDF.

Kuifungua si kazi. Kwenye kompyuta, vivinjari vya intaneti kama Chrome, Firefox na Edge vyote vinaifungua bila kuongeza programu nyingine. Kazi iko kwenye kusoma. Kwenye simu ukivuta herufi ziwe kubwa, mstari unatoka nje ya kioo. Unausukuma kushoto, kulia, tena kushoto, na ukifika mwisho umeshasahau ulianzia wapi. Kampuni ya Adobe iliitoa PDF mwaka 1993 ili ukurasa ubaki vilevile kwenye kila mashine, na kweli unabaki vilevile, hata mbele ya macho kama yangu.

Kilichoniokoa ni Edge kwenye laptop ya binti yangu. Fungua faili, bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja, inaanza kusoma kwa sauti. Siku ya kwanza niliiacha kwenye sauti ya Kiingereza, na katiba yetu ikasomwa kama na mtalii aliyeshuka Kilimanjaro jana. Binti akaingia kwenye chaguo za sauti akakuta Daudi na Rehema, Kiswahili cha Tanzania kabisa. Nikamchukua Rehema, nikampunguza mwendo. Neno analolitamka linawekewa rangi, basi jicho langu la kulia linamfuata kama mtoto wa darasa la kwanza anavyofuata kidole cha mwalimu. Kurasa 22 nilizimaliza kabla maharage hayajaiva. Ila sauti hizo zinatoka mtandaoni, kwa hiyo bando liwepo.

Halafu ikaja fomu kutoka ofisi moja, Rehema kimya. Nikadhani spika imekufa. Nikabeba laptop mpaka steshenari ya karibu na soko la Mbuyuni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii haisomi.”

Kijana akaburuta mausi juu ya sentensi. Hakuna neno lililoshikika. “Mama, hii ni picha ya karatasi. Humu hamna herufi hata moja.”

Akaipandisha kwenye Google Drive, kwa akaunti yangu, akabofya kitufe cha kulia na kuifungua kwa Google Docs. Maneno yakatoka. Tatizo karatasi yenyewe ilikuwa kopi ya kopi: “riba” ikatoka “nba”. Nikacheka, lakini kama herufi zinaweza kuungana hivyo, je tarakimu? Tangu hapo namba zote za fedha binti ananihakikishia kwa macho yake. Tovuti za kubadilisha PDF bure zipo tele, ila fomu zetu zina namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za wanachama; siwezi kuzikabidhi kwa nisiyemjua.

Mwenzetu mmoja kikundini haoni kabisa. Yeye anatumia NVDA, programu ya bure ya Windows inayomsomea kila kilichoko kwenye kioo. Anachoomba ni vichwa vya habari viwekwe kwa mtindo wa vichwa (Heading) ulioko ndani ya Word, siyo kukoleza wino tu, ili aruke kutoka kichwa hadi kichwa bila kusikiliza kurasa zote.

Kinachoniuma ni kwamba ile fomu iliandikwa kwenye kompyuta tangu mwanzo. Mtu akaiprinti, akagonga muhuri, akaiskani, na maneno yote yakafia hapo. Word inahifadhi PDF moja kwa moja, herufi zikiwa hai. Nikampigia karani, nikamweleza taratibu. Juzi kanitumia faili mbili: moja ina muhuri, ya kuweka kwenye jalada, nyingine haina, ya Rehema.